Kulabu Iliyofuliwa Juani

Ukitaka kujua jinsi Nzuki wa Kiema alivyojiamini, ungemwuliza tu neno moja kuhusu chuma, kisha utafute mahali pa kukaa, maana jibu fupi hakuwa nalo. Alikuwa mhunzi mtoto wa mhunzi, miaka hamsini na minane, na hapo Sultan Hamud, kuanzia stesheni ya reli hadi uwanja wa wauza mbuzi, hakukuwa na jembe, shoka wala ncha ya plau ambayo hangeichukua mkononi na kukuonyesha kasoro yake. Nasema kazi za wengine. Zake hazikuwa na kasoro.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumatano, Agosti mwaka wa 1984, lori la Hersi lilipofunga breki mbele ya banda lake, Nzuki aliendelea kuzungusha feni ya moto bila hata kuinua kichwa. Hersi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki, mtu wa miaka mingi kwenye barabara ile ya Mombasa, na mteja wa Nzuki tangu zamani. Aliteremka na vipande viwili vya chuma mkononi, akavitupa juu ya kipande cha reli ambacho Nzuki alikitumia kama fuawe.

"Mzee Nzuki, hii pini yako imeniaibisha," alisema. "Mlango ya nyuma imefunguka hapo Emali, mbuzi wote wakamwagika barabarani. Mmoja nimemtoa ndani ya hoteli. Alikuwa amesimama juu ya meza."

"Ulijaza kupita kiasi."

"Mbuzi ishirini tu? Mimi hubeba ng'ombe na hiyo pini ya zamani haikukatika. Hii mpya imekatikia kwa bampu. Bampu ndogo hivi, Mzee."

Huku kwetu watu hawamrudishii mhunzi kazi iliyovunjika. Wanamwogopa. Hata wale walioketi mbele kanisani, waliokana mizimu na matambiko yote, bado wangepita mbali na banda la mhunzi wakiwa na jembe lililokatika, wasije wakamuudhi akawatamkia neno baya. Kwa hiyo kwa miezi mitano iliyopita mapanga yalikuwa yamekatika, na majembe, na minyororo ya ng'ombe, na wenyewe wakavitupa vichakani kimya kimya na kununua vingine. Hersi hakuwa Mkamba. Hakujua kwamba anapaswa kuogopa, na hapo ndipo Mungu alipomtumia.

Nzuki alikichukua kipande kimoja kivivu, neno la pili la kumlaumu Hersi likiwa tayari mdomoni. Akakigeuza atazame mahali kilipokatikia. Neno lile halikutoka.

Chuma kizuri cha springi kikivunjika, ndani huwa kijivu na laini, kama unga wa wimbi uliosagwa mara mbili. Hiki kilimeta. Chembe zake zilikuwa kubwa hata mtu angeweza kuzihesabu kwa macho, mfano wa ile chumvi ya mawe wanayolambishwa ng'ombe. Nzuki alikisogeza karibu na uso, kisha akakiweka mbali, kisha akakirudisha tena.

Marehemu baba yake alikuwa amemfundisha jambo hili kwa kumvunjia vipande mbele ya macho, si kwa maneno. Kila chuma kina chembe ndani. Moto huzinenepesha. Nyundo huzivunja na kuzipanga upya, ndogo ndogo, zikashikana. Hiyo ndiyo sababu mhunzi hapashi chuma na kukikunja tu, bali hupiga, na huendelea kupiga wekundu ukififia, hadi karibu uishe kabisa, moto usipate nafasi ya kuzinenepesha tena. Chuma kilichopewa moto mwingi na nyundo kidogo hubaki kizuri kwa nje. Utakishika, utakisifu, utampelekea jirani akione. Ndani kimekwisha kufa zamani.

"Ni nani amekifua hiki?" Nzuki aliuliza.

"Si wewe? Si hii alama ni yako?"

Ilikuwa yake, mikato mitatu ya patasi, kama alivyoweka baba yake. Nzuki aliipitisha kidole ile mikato, mmoja baada ya mwingine.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu bila hili mtu atadhani alikuwa amelewa kazini. Kwa miaka thelathini Nzuki alifulia chuma katika kijumba cha baba yake huko bondeni, kijumba cha udongo, paa la nyasi lililoshuka karibu na ardhi, mlango wa kuinama, na dirisha hata moja halikuwepo. Mzee Kiema alikuwa na masharti yake. Viatu vibaki nje. Wanawake wabaki nje. Pombe kidogo imwagwe chini kabla ya kuwasha moto. Na lile alilolirudia kuliko yote, kwamba chuma hakipendi jua na mtu asikifue palipo na jua. Nzuki aliyapokea yote kama kifurushi kimoja, bila kuuliza lipi lina kazi gani. Alipookoka, mwaka wa 1983, aliyatupa pia kama kifurushi kimoja.

Washirika walifurahi mno, maana mhunzi kuokoka si jambo dogo. Mchungaji Nzomo, mtu mpole asiye na ubaya wowote moyoni, alisema kazi ya mtu aliyeokoka isifanyiwe mafichoni kama ya mganga, ifanyiwe mbele za watu. Wakachanga nguzo na mabati, wakamjengea banda kando ya barabara, wazi pande zote nne, paa likapandishwa juu ili hewa ipite. Mtu mmoja wa kwaya akaleta feni ya kuzungusha kwa mkono, mahali pa mivukuto ya ngozi. Mwezi wa Machi mwaka uliofuata banda likaombewa. Nzuki alisimama katikati ya mwanga ule wote na kujiona kama mtu aliyezaliwa mara ya tatu.

Sasa alikuwa amesimama papo hapo na kipande kilichokatika, jua la asubuhi likimpiga mgongoni. Kwenye nguzo ilining'inia kulabu moja nene. Aliifua mwezi wa sita pamoja na pacha wake, siku moja, kutoka springi moja ya lori la Hersi huyuhuyu. Akaishusha, akaibana kwenye ukingo wa reli, akaipiga nyundo moja. Alitaka ipinde. Alikuwa anaomba ipinde. Ikakatika, na sauti yake haikuwa ya chuma, ilikuwa ya chungu. Ndani, chumvi ya mawe.

Hersi alicheka kidogo, kisha akauona uso wa mzee, akaacha.

"Nilikifua kikiwa chekundu kama pilipili," Nzuki alisema. "Hersi, naapa. Kikifika rangi ya kiini cha yai ndipo huanza kufa. Sijawahi kukifikisha huko. Najua rangi hizi kuliko ninavyojua sura za watoto wangu."

Alisukuma kipande cha springi ndani ya makaa, akazungusha feni, akatazama. Kikawa chekundu kama pilipili, vile alivyozoea. Akakipiga mara chache hadi kikaonekana cheusi, vile alivyozoea pia, akakiweka kando. Akatia kingine, nacho kikafikia wekundu uleule. Ndipo, bila kujua wazo limetoka wapi, akamwambia Hersi alete turubai la lori.

"Turubai ya nini?"

"Tufunike sisi na moto."

Hersi alimwangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa, lakini akaleta. Wakajifunika turubai lile zito lenye harufu ya mbuzi, wawili hao wakiinamia jiko kama watu wanaojifukiza homa. Macho ya Nzuki yakazoea giza. Kipande alichokuwa amekiona chekundu kama pilipili kilikuwa cha manjano, kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na pembeni kikirusha cheche. Na kile alichokiweka kando akidhani kimepoa na kuwa cheusi, kile ambacho angesema kazi yake imekwisha, kilikuwa bado kinawaka chekundu juu ya reli.

 Jua lilikuwa limemlia rangi. Lilikuwa limekaa mabegani pake tangu Machi na kumwonyesha moto mdogo mahali palipokuwa na moto mkubwa, naye akazidi kuzungusha feni. Lilimwonyesha weusi mahali palipokuwa na wekundu, naye akaweka nyundo chini mapema, akaziacha chembe zinenepe zenyewe polepole zikipoa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya Nzuki yalikuwa yametazama kila siku na kumdanganya kila siku. Na baba yake hakumwambia sababu. Pengine mzee mwenyewe hakuijua. Pengine aliijua akaona haya kueleza jambo jepesi hivyo, akalifunga pamoja na pombe na viatu ili lipate heshima.

Hersi alilitoa turubai. Mwanga uliporudi, chuma kile kikarudi kuwa cheusi mbele ya macho yao. Hersi, ambaye hakuwa mhunzi, alikisogezea kidole, akaurudisha mkono haraka.

"Leo ni siku gani?" Nzuki aliuliza.

"Jumatano, Mzee."

"Basi binti yangu yuko kisimani."

Pacha wa kulabu ile alikuwa mikononi mwa wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, huko nyuma ya Matiliku. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, mto ulikuwa mchanga mtupu, na wanaume wao wengi walikuwa wameenda Mombasa kutafuta kazi. Wanawake wakaamua kuchimba kisima wenyewe, kila Jumatano, na walikuwa wamefika futi sitini. Mawe yalipandishwa kwa debe lililoning'inizwa kwenye kulabu ya Nzuki. Mtu alishushwa na kupandishwa kwa kulabu hiyohiyo, mguu mmoja ndani ya kitanzi. Na aliyeshuka mara nyingi kuliko wote, kwa kuwa alikuwa mwembamba na hakuogopa chochote, alikuwa Kalunde, kitinda mimba wake.

Hersi hakungoja kuombwa. Walitupa kwenye lori nyundo, koleo, patasi, feni, kipande cha reli na gunia la makaa, wakaondoka. Mbuzi waliorudishwa kwa taabu kutoka Emali walisafiri nao wakilalamika.

Njia nzima Nzuki alikuwa akiona debe. Debe limejaa mawe linapanda, na chini yake kichwa cha Kalunde. Alijaribu kuomba, maneno yakamkatika kila mara mahali pamoja. Lakini moyo wa binadamu ni kitu cha ajabu, hata kwenye hofu kama ile una kona yake ya ubatili. Walipokaribia Matiliku, katikati ya kumwona mwanawe amekufa, Nzuki alijikuta akiwaza atawaambia nini wale wanawake. Mchungaji Nzomo atasema nini. Watu waliochanga mabati watasema nini. Alijichukia kwa kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza.

Aliruka kabla lori halijasimama vizuri.

"Simameni!" alipiga kelele.

Wanawake sita waliokuwa wakizungusha gogo la kuvutia kamba walisimama ghafla, na Nzuki akaiona kamba ikistuka na kutetemeka.  Chuma kilichokufa hakiogopi uzito kama kinavyoogopa mshtuko, na yeye ndiye aliyekishtua.

"Baba Kalunde, kuna nini?" aliuliza Muthoki, kiongozi wa mwethya, mama mkubwa wa mwili aliyeshika mkono wa gogo kama anashika mwiko.

"Debe liko wapi?" Sasa alikuwa akinong'ona.

"Limetoka tu chini. Haijafika nusu."

"Na Kalunde?"

"Si yuko chini yake? Kwani atakuwa wapi?"

"Msivute tena. Kulabu hiyo ni mbovu. Lishusheni, mwaitu, mama yangu, polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia."

Muthoki aliuona uso wake, akawapa wenzake ishara, gogo likaanza kurudi nyuma. Nzuki alilala kifudifudi ukingoni mwa kisima.

"Kalunde."

"Baba?" Sauti ilitoka mbali chini, na mshangao ndani yake. "Umefuata nini huku?"

"Ingia pangoni. Ubane ukuta. Usitoe kichwa mpaka debe liguse chini."

Huko chini walikuwa wamechonga pango dogo ubavuni, mtu ajibane debe linapopita. Nzuki hakuona kitu isipokuwa kamba ikishuka, inchi kwa inchi, na gogo likilia kwa kila nusu mzunguko. Mwanamke mmoja alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, Muthoki akamnyamazisha. Nzuki alikuwa akihesabu, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kisha kamba ikalegea.

"Limefika," Kalunde alisema.

"Fungua kamba kwenye kulabu. Jifunge mapajani na kifuani, lile fundo la kufungia ng'ombe. Kulabu uje nayo mkononi."

Walimvuta. Alipotokeza, tope tupu kutoka nywele hadi nyayo, hakuangalia mtu mwingine ila baba yake.

"Mama amekufa?" aliuliza.

"Mama yako ni mzima."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

 Nzuki alimshika mkono juu ya kiwiko, akaubana hadi Kalunde akauondoa. Wengine walianza kupumua, na walipopumua wakaanza kuona haya, na baada ya haya wakaanza kukasirika kidogo. Muthoki aliichukua kulabu, akaigeuzageuza. Ilikuwa nene na nzuri.

"Lakini baba Kalunde," alisema, "hii imebeba mawe tangu mwezi wa sita. Imenibeba hata mimi, na wewe unaniona vile niko. Nani amekuambia ni mbovu?"

Nzuki aliichukua, akaiweka juu ya jiwe, akaipiga. Ikatoka vipande vitatu. Kimoja kiliruka hadi miguuni pa Muthoki.

 Mwanamke aliyekuwa ameshuka asubuhi ile, kabla ya Kalunde, aliketi chini ghafla, akabaki ameketi. Muthoki alikitazama kipande kile bila kukiokota. Wote walikuwa wanafanya hesabu ileile, ya mara ngapi kila mmoja alitia mguu ndani ya kitanzi kile akashuka akicheka.

"Chuma kilikuwa kibaya," Nzuki alisema.

Lilimtoka hivyo, na alipolisikia hakulirudisha. "Hizi springi za malori ya siku hizi. Mtu hawezi kujua iliyomo ndani."

Hersi, aliyekuwa ameegemea lori lake, aligeuza kichwa akamwangalia.  Nzuki aliona aibu mbele ya macho yale kuliko alivyowahi kuona mbele ya madhabahu, na bado alinyamaza.

"Sasa tutafanyaje?" Muthoki alisema hatimaye. "Kwenda kuteka maji mto wa mbali na punda ni siku nzima, na hapa chini mchanga umeanza kuwa na unyevu. Hatuwezi kuacha. Tengeneza ingine, baba Kalunde. Chuma iko?"

"Iko," alijibu Hersi. "Ile springi ulikata nusu mwezi wa sita, Mzee, ukaniachia nusu. Iko chini ya kiti yangu."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ya Nzuki ilikuwa fupi kuliko nyingi. Iliishia kwenye lori lililosimama hatua ishirini. Kalunde alimtazama Hersi, kisha springi iliyotolewa, kisha baba yake. Alikuwa ameanza kupanguza tope usoni, akaacha katikati.

Nzuki aliomba jiko la Muthoki, nyumba ndogo ya kupikia, kuta nyeusi kwa moshi, akaomba na mlango ufungwe. Kalunde ndiye aliyezungusha feni. Huko bondeni hangekanyaga hata kizingiti, na hapa hakuna aliyelitaja jambo hilo. Katika weusi ule rangi zilirudi kama watu waliokuwa safarini. Wekundu wa damu, kisha wa nyanya, kisha pilipili iliyoiva. Nzuki akasema basi, Kalunde akaacha feni, na nyundo ikaanza. Alipiga ubapa na ubavu, akarudisha motoni, akapiga tena, na mara ya mwisho alipiga hadi wekundu ulipokuwa kivuli tu na mkono ukamuuma hadi begani. Kisha akakizika kwenye majivu kipoe taratibu.

Ncha aliyoikata kwenye kulabu hiyo mpya alikuwa ameizika pia majivuni. Ilipopoa, akaitia mkato kwa patasi akaipiga. Iliinama. Akaipiga tena. Mara ya tano ndipo ilipokubali kuvunjika, na kwa shingo upande. Kalunde alikiokota kipande, akaenda nacho mlangoni penye mwanga. Katika kiganja cha kushoto alikishika hicho, kijivu, laini, unga wa wimbi. Katika kiganja cha kulia alikuwa na kipande cha ile kulabu ya zamani. Springi ilikuwa moja. Alivitazama kwa muda mrefu, kimoja, kisha kingine.

Alasiri kulabu ilifungwa kwenye kamba. Wanawake walisimama mbali nayo kidogo, mtu asionekane yuko karibu akaitwa.

"Nani anashuka?" Muthoki aliuliza.

"Fundi," alisema Kalunde.

Nzuki alikuwa mtu wa tumbo, uzito wa madebe mawili na nusu. Hakubisha. Alivua viatu, akatia mguu kitanzini, akaishika kamba, na ardhi ikamtoka chini. Sita walikuwa kwenye gogo, Kalunde akisimama ukingoni kuongoza. Ukuta wa kisima ulipanda mbele ya pua yake, udongo mwekundu kwanza, kisha changarawe, kisha mwamba wenye alama za sululu, na nyingi za alama hizo alijua ni za mwanawe. Aliitazama kulabu juu ya kichwa chake. Aliiamini, na hata hivyo alikuwa akiogopa, na alifikiri, hivi ndivyo, hivi ndivyo Kalunde alivyoning'inia kila Jumatano, ila yeye hakujua cha kuogopa.

Kamba ikasimama.

Alingoja. Juu, tundu la kisima lilikuwa dogo kama sahani, na kichwa cha Kalunde ukingoni.

"Mbona mmesimama?" aliita.

"Baba," Kalunde alisema. Hakupaza sauti, kisima kilimbebea. "Springi ni moja."

 Kamba ilizunguka polepole ikamgeuza uso kwa ukuta, ikamgeuza tena.

"Sikuulizi kwa ubaya. Lakini nataka kujua kabla hujafika chini."

"Si chuma," alisema. "Ni mimi. Nimekiunguza. Kule bandani jua lilinificha rangi, nikakiunguza tangu Machi, na sikujua mpaka leo asubuhi. Hersi ni shahidi. Na nilipojua, nikawadanganya."

Juu zikasikika sauti za wanawake, chini chini, na ya Muthoki ikisema kitu kwa Kikamba ambacho afadhali hakukisikia vizuri.

"Kulabu ngapi?" Kalunde aliuliza.

Hilo ndilo swali ambalo Nzuki alikuwa amelikimbia tangu chini ya turubai. Alikuwa amekimbilia mtoto wake, na kwa kufanya hivyo hakuwaza watoto wa wengine hata mara moja. Sasa lilimfika akiwa hana pa kuweka mguu.

"Kumi na moja," alisema. "Mbili nimevunja leo."

"Tisa ziko wapi?"

"Tano Kibwezi, kwa wachimba visima vya kunyunyizia mashamba. Mbili Emali. Moja alichukua Muli, hapa tu ng'ambo ya mlima, wanachimba cha shule. Na moja nilimpa mtu sokoni. Simkumbuki."

"Kwa Muli wanachimba leo," alisema mmoja wa wanawake.

 Nzuki alitazama chini, akaona giza na debe lililojaa mawe. Alipoinua macho, kichwa cha Kalunde hakikuwa tena ukingoni, na aliisikia sauti yake ikiwaelekea walioshika gogo.

"Mvuteni. Hana kazi huko chini."

Kamba ikaanza kupanda, haraka kuliko ilivyoshuka, na nje Hersi alikuwa ameshawasha lori.